Nani Anayakula Maneno Yetu

Pucahuaico, Jumapili, 6 Machi

Mdogo wangu Wilmer,

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe huanza kucheka, halafu mtandao unakatika, halafu unausingizia mtandao. Barua haikatiki. Naiandikia hapa jikoni, na kesho nikishapeleka maziwa barabarani nitapanda kilima cha kanisa, ambako simu yangu mwenyewe inashika, niitume.

Swali langu ni moja. Hapo ofisini kwenu Quito, mnatusoma au hamtusomi?

Tangu Januari mlipokuja kuchukua redio zetu mkatugawia hizi simu zinazoshika hata bondeni, sisi walinzi wa mlima tumefanya kama mlivyotuelekeza. Kila jioni nafungua ule ukurasa mweupe, naandika nilichokiona kutwa, nabonyeza. Simu inasema "Imepokelewa". Basi. Hakuna anayejibu, hakuna anayeuliza. Redio ilikuwa na makelele, ndugu yangu, lakini upande wa pili ilikuwa na mtu. Don Lauro akisema, "Mlima umevaa kofia ya wingu leo," yule mama wa zamu alimjibu, "Nimekusikia Lauro, na wewe vaa yako usije ukapata mafua." Tulicheka, tukalala. Sasa tunaandika kama watu wanaotupa mawe kisimani wasisikie maji.

Watu wameanza kugawanyika. Kuna wanaosema, kama wasomi wa mjini wamenyamaza, basi mlima umelala, tuache uoga. Kuna wanaosema mnatucheka kwa maandishi yetu mabaya. Doña Targelia, yule wa darajani, anasema kimya kingi kina mshindo, na yeye mshindo huo hataki kuusikia.

Habari za mto sitazirudia hapa. Nimeshaziandika jioni tatu mfululizo. Kama mnasoma, unazijua.

Baba yupo. Hataki nikuandikie habari zake, kwa hiyo siandiki.

Dada yako,
Hermelinda

*

Quito, Jumanne, 8 Machi

Dada Herme,

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikasahau kuagiza. Una ulimi wa pilipili, hata kwa maandishi.

Tulia, nikueleze. Kwenye skrini yangu hapa kuna ramani ya mlima wetu wa moto, Quillaurcu, na kila mlinzi ana nukta yake. Mtu akituma, nukta inawaka kijani. Zenu zinawaka kila jioni bila kukosa, mnatia aibu vijiji vingine. Lakini ndani yake hamna kitu, dada. Nikibonyeza nukta yako naona jina, saa, kisha nafasi nyeupe. Ya Targelia hivyo hivyo. Ya kibanda cha juu, cha Don Lauro, hivyo hivyo. Tulidhani mnabonyeza tu kutujulisha kwamba mpo na hakuna la kusema. Hapa ofisini tumezipa jina, tunaziita "salamu za Pucahuaico". Mkuu wangu, mhandisi Paredes, au Inge Paredes kama tunavyomwita, aliwaonyesha watu wa manispaa ile ramani yote ikiwa kijani, wakampigia makofi.

Kwa hiyo mkiwa na neno, liandikeni! Mimi nitalisoma mwenyewe. Labda mnabonyeza kitufe kabla ya kumaliza kuandika? Waambie wasiwe na haraka.

Na mto una nini? Sijaona chochote.

Usimwambie Baba kwamba nimeuliza hali yake. Lakini nimeuliza.

Wilmer

*

Pucahuaico, Jumatano, 9 Machi

Wilmer,

Tupu?

Naandika mpaka kidole gumba kinauma. Jana nimeandika mbele ya Targelia, naye akaandika mbele yangu, tukasomeana kwa sauti, tukabonyeza pamoja. Simu zote mbili zikasema "Imepokelewa". Nimepanda kilima asubuhi hii, nimesoma kwamba mmeona nafasi nyeupe, nikaisoma barua tena.

Usiniambie habari ya vidole na haraka. Sisi si watoto.

Nilipomweleza Targelia aliuliza, "Sasa nani anayakula maneno yetu?" Alikuwa hatanii. Mtu mzima yule, amezika mume na kupita mafuriko mawili. Anasema ameandika jambo ambalo lingesomwa wangekuja siku ile ile. Hawakuja. Akajipa moyo kwamba basi si jambo.

Fikiria hilo, Wilmer. Sisi tuliona mmenyamaza, tukatulia. Ninyi mliona tumenyamaza, mkatulia. Na mlima upo katikati.

Hermelinda

*

Quito, Ijumaa, 11 Machi

Dada,

Nimelipata. Afadhali nisingelipata.

Nitakueleza kwa lugha ya nyumbani. Kila mnachotuma kinafika kwenye seva yetu kama kifurushi kilichofungwa. Kabla hakijaingia kwenye chumba ninachokiangalia mimi, kinapita mikononi mwa kipande cha programu kinachokaa katikati, kati ya mlango na chumba. Kazi yake ni kufungua vifurushi na kupanga vilivyomo. Mimi ndiye niliyekiweka pale. Kinajua kufungua aina moja tu ya kifurushi, kile chenye lebo: hili jina, hii saa, huu ujumbe. Simu zenu, alizoziandaa mwenzangu aliyeondoka mwaka jana, hazitumi lebo. Zinatuma maandishi matupu, maneno kama yalivyotoka kidoleni. Maandishi ya namna hiyo yana kifunguzi chake, unakiongeza kwa mstari mmoja, na mimi sikukiongeza.

Ubaya ni kwamba kipande hicho hakigombi. Kikikuta kifurushi kisichokijua hakikirudishi, wala hakipigi kelele. Kinakiacha bila kukifungua, kinapitisha ndani sahani tupu, na seva inawajibu "Imepokelewa". Tulipofanya majaribio tulituma kutoka kompyuta za hapa hapa, vifurushi vyenye lebo. Vyote vilisomeka. Tukapongezana.

Maneno yenu hayapo popote. Hayakuhifadhiwa. Nimeyatafuta kutwa nzima mpaka shati limelowa jasho, na ofisi ina baridi.

Nimemweleza Inge Paredes. Alifunga mlango kwanza. Akasema, "Wilmer, manispaa wanakuja Jumanne kusaini. Huo mstari wako utauweka Jumatano, tukiwa na utulivu. Miezi miwili imepita salama, siku tano zitakushinda?" Nilitoka nikauacha mlango wazi.

Nakuomba zunguka kwa walinzi wenzako, kila mmoja akwambie alichoandika siku hizi za karibuni, uniandikie. Sema ni zoezi la ofisi. Usiseme haya mengine, watu watapaniki.

Wilmer

*

Pucahuaico, Jumamosi, 12 Machi

Wilmer,

Sikusema ni zoezi. Watu hawa nakula nao sahani moja, nitawadanganya vipi? Nimewaambia maneno yao yalipotea mlangoni. Don Lauro alitukana hadi akaishiwa matusi ya Kihispania, akaendelea kwa lugha yetu ya Kikichwa.

Haya ndiyo waliyoandika.

Don Lauro, wiki iliyopita: alisikia ngurumo kutoka korongo la juu, kama lori zito linalomwaga kokoto. Alitoka nje kutazama. Kule hakuna barabara ya lori.

Mimi, kesho yake: ng'ombe walifika mtoni wakagoma kunywa. Maji yalikuwa mazito, ya kijivu, kama uji wa shayiri, na yalinuka mayai yaliyooza.

Doña Targelia, siku iliyofuata, na kila jioni tangu hapo: mto unapungua darajani. Juu mvua inanyesha, tunaiona imening'inia kwenye mlima kutwa, lakini chini maji yanakwisha. Juzi alivuka kwa viatu vya kanisani bila kulowa.

Kila mmoja aliona kipande chake akakibeba peke yake. Leo tulipokaa kwenye benchi nyumbani kwa Targelia na kuviweka pamoja, tuligeuka sote kutazama juu.

Wengine hapa wamefurahi mto kukauka. Wewe unajua Jumamosi ijayo ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Don Gonzalo ndiye mdhamini wa sherehe mwaka huu, na badala ya kujenga uwanja wa mchezo wa mafahali kule juu kwenye mteremko, ameamua kuujenga kwenye tambarare ya mto, maana ni pakavu na pana. Wanaume wote wako kule wanapigilia mbao. Wanawake wanawapelekea mahindi ya kuchemsha na nyama ya nguruwe, watoto wanacheza mpira palipokuwa na maji. Unasikia nyundo mpaka kanisani.

Niambie tunaogopa bure. Ukiniambia wewe nitaamini.

Baba anakusalimu.

Hermelinda

*

Quito, Jumapili, 13 Machi

Dada Herme,

Nimeuweka ule mstari. Leo Jumapili hakuna mtu ofisini, mlinzi wa getini amenifungulia kwa sababu nilimwambia nimesahau dawa. Sikuomba ruhusa. Nimeongeza na kitu kingine: simu zenu zikishajisasisha usiku huu, nitaweza kuwajibu, na zitalia.

Kisha nikakaa kusubiri. Mchana nukta ya Targelia ikawaka. Nikabonyeza, nikakuta maneno. Dada, nilisogeza kiti nyuma kama mtu aliyeguswa bega. Yalikuwa haya: "Maji yamekwisha kabisa darajani. Kuna mtu yeyote huko?"

Nimempigia Inge Nájera, mtaalamu wa milima, nyumbani kwake. Nikamsomea barua yako ya jana. Nilipofika kwenye habari ya Targelia alinikatiza: "Rudia hapo kwenye mvua." Nikarudia. Nikasikia anaweka kikombe mezani. Akasema ile ngurumo ilikuwa ubavu wa mlima ukianguka ndani ya korongo. Umeliziba. Mvua yote iliyonyesha tangu siku hiyo haijapotea, imekaa juu yenu nyuma ya kizibo cha udongo na majivu, na kizibo cha namna hiyo hakina ahadi. Kikiachia hayashuki maji, linashuka tope lenye mawe ya ukubwa wa nyumba.

Huogopi bure. Watoe watu kwenye tambarare leo hii. Nájera anahangaika na manispaa, lakini ni Jumapili na simu hazipokelewi. Usingoje barua yangu nyingine.

Na sasa niambie ukweli. Umeandika kwamba Baba ananisalimu. Tangu nilipoondoka, wiki ile tuliyomzika Mama, Baba hajanitumia salamu hata ya Krismasi. Aliniambia nikivuka daraja nisigeuke. Kwa hiyo kuna kitu unanificha, na umekifunika kwa salamu.

Baba yuko wapi?

Wilmer

*

Quito, Jumatatu, 14 Machi, asubuhi

Dada,

Hukujibu. Nakuandikia huku nikiwa sijui kama una mtandao, kama una simu, kama upo.

Leo asubuhi nukta ya kibanda cha juu, iliyoandikishwa kwa jina la Don Lauro, iliwaka. Niliona haya: "kizibo kimepasuka linashuka toeni watu toeni watu".

Nikabonyeza kitufe cha kuwajibu ninyi nyote kwa pamoja: ONDOKENI MTONI SASA HIVI, PANDENI JUU. Nájera alikuwa amesimama nyuma yangu na simu ya manispaa sikioni, anapiga kelele. Inge Paredes aliingia, akasoma skrini, akakaa sakafuni.

Kisha nikamrudia yule wa kibanda. Don Lauro ni fundi redio, tangu nikiwa mtoto namjua anaandika kama karani, kila nukta na kila mkato mahali pake. Yale maandishi hayakuwa yake. Nikamwandikia: "Nimekusoma. Taarifa imetoka. Wewe ni nani?"

Hajajibu.

Nijibu wewe.

Wilmer

*

Quito, Jumatatu, 14 Machi, alasiri

Herme,

Redio inasema tope limefika Pucahuaico, na daraja halipo. Hawasemi zaidi. Barabara imefungwa.

Sasa hivi nukta yako imewaka. Nilishukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka. Nikabonyeza.

Ni tupu.

Nimekagua mara nyingi. Kifunguzi kinafanya kazi, nimekijaribu kwa simu yangu mwenyewe. Zamani ikija tupu nilijua kosa ni la kwetu. Leo ikija tupu, ni tupu. Ni wewe uliyebonyeza bila neno, au ni mtu mwingine ameshika simu yako, au imebonyezwa na tope.

Andika hata herufi moja. Andika tusi.

Wilmer

*

Shule ya Loma Alta, Jumanne, 15 Machi

Mdogo wangu,

Ni mimi niliyebonyeza. Nilikuwa nimeandika "Baba", nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nilituma hivyo hivyo ulivyoiona, maana sikuwa na neno.

Tuko hapa shuleni Loma Alta, juu, watu wengi sana, tumelala kwenye madawati. Wametupa supu ya viazi. Mkuu wa shule ameniruhusu kutumia kompyuta.

Barua yako ya Jumapili niliisoma kilimani nikashuka mbio mpaka tambarare. Nilipiga kelele waache nyundo. Don Gonzalo alinitazama kutoka juu ya mbao na misumari mdomoni, akaitema mmoja mmoja. "Hermelinda," akasema, "mara ngapi mmetukimbiza usiku na magodoro kichwani, tukirudi tunakuta kuku wameibwa na mlima umelala? Hebu tuonyeshe huo mto unaokuja kutuua." Watu wakacheka, maana mto wenyewe haukuwepo.

Ndipo Targelia akaja, na shali lake na fimbo. Hakupiga kelele. Alisimama pale walipokuwa wanachimba shimo la nguzo, akauliza, "Mvua inanyesha juu tangu lini?" Mtu akasema, tangu wiki iliyopita. "Na maji yako wapi?" Kicheko kikakatika. Mzee mmoja seremala aliteremka kwenye ngazi, akafunga mfuko wa vifaa vyake, akaondoka bila kuaga. Wanawake wakaanza kuita watoto. Jioni hiyo nusu ya kijiji ilipanda huku. Nusu nyingine ilibaki na Don Gonzalo, na asubuhi nyundo zikaanza tena.

Kisha simu zikalia. Wilmer, simu zile hazijawahi kulia. Yangu, ya Targelia, na ya Don Lauro mwenyewe, zote pamoja. Don Lauro alipanda juu ya uzio wa uwanja akausoma ujumbe wako kwa sauti ya redio, ile sauti yake ya zamani, na mara hii hakuna aliyebisha. Walikimbia wakiacha kila kitu. Don Gonzalo alimbeba mama yake mgongoni. Tulikuwa tumefika makaburini tulipolisikia tope likija. Sitaweza kukueleza sauti ile. Ardhi ilitetemeka kwanza miguuni, kisha ndege wote wakaruka. Tope lilikuja limesimama wima kama ukuta, na juu yake miti ilikuwa imesimama pia, inatembea. Uwanja wa mafahali ulielea kidogo, mzima, kama kikapu. Halafu haukuwepo.

Targelia hakupanda nasi. Alikumbuka lori la maziwa, linalopita darajani saa ile ile kila asubuhi, na dereva hana simu yetu. Alirudi. Dereva yupo hapa, hajala tangu jana. Anasema alimwona bibi amesimama katikati ya daraja anapunga shali kwa mikono miwili, akafunga breki, akatoa kichwa kumtukana. Ndipo akaliona tope nyuma yake.

Sasa la Baba. Nisamehe. Kibanda cha juu si Don Lauro anayekaa. Miguu yake imechoka. Tangu Januari simu ya kibanda alimwachia Baba, yeye akachukua ile ya akiba mliyoleta, na Baba ndiye anayelala kule, kando ya korongo, na ng'ombe wake. Aliniapisha nisikwambie. Nilipokuandikia kwamba anakusalimu, nilikuwa nimeshindwa kumpata siku mbili, na niliogopa kuliandika hilo kwa sababu likishaandikwa linakuwa kweli.

Yule uliyemuuliza ni nani, ni yeye.

Wanaume wamekwenda kutazama. Wanasema kibanda hakionekani kutoka ng'ambo, na njia ya kwenda imekatika.

Hermelinda

*

Shule ya Loma Alta, Alhamisi, 17 Machi

Wilmer

Ni mimi Abelino. Naandika mwenyewe, Hermelinda amenishikia tu karatasi isiteleze, kisha ataipiga picha akutumie. Macho yangu si mazuri.

Niko hai. Kibanda kilikwenda, mimi nilikuwa nimepanda juu ya mwamba kutafuta mtandao ili nikutumie ule ujumbe. Njia ilikatika nyuma yangu. Nikazunguka kwa huko juu kwenye nyasi na baridi, na ng'ombe wawili, wengine sijui waliko. Nimefika jana. Vidole vya mguu vimekuwa vyeusi lakini daktari anasema vitapona.

Wamenieleza habari za maneno yaliyopotea. Hermelinda ameeleza mara mbili, sikuelewa sana, nimeelewa kwamba hukuyaona.

Basi sikiliza. Lauro alipoleta ile simu nilimwambia sitaki vitu vya mjini. Akasema, "Mjinga wewe, upande wa pili anayesoma ni mwanao." Ndiyo sababu niliichukua. Sikuwa na haja na kazi ya ulinzi.

Jioni ya kwanza niliandika, hapa kuna baridi, huko je. Ya pili niliandika kwamba ng'ombe wa mama yako amezaa. Niliandika mengine. Mengine siwezi kuyaandika tena mbele ya dada yako. Hukujibu. Nikasema moyoni, ananilipa nilichomtendea, na ni haki yake.

Kisha mlima ukaanguka, nikaona maji yanajaa korongoni kama bakuli. Nikaandika, kuna ziwa. Kila jioni iliyofuata nikaandika, ziwa limekua. Kimya. Nikafikiri wameshajua hao, wana mitambo yao. Nikaacha kuandika. Siku tatu nzima nilikaa nalitazama na simu mfukoni, nimenuna kama mtoto. Targelia alikuwa anatembea darajani siku hizo zote. Nimefika hapa nikamuulizia, ndipo wakaniambia alikwenda na daraja. Mlima siuogopi kama ninavyoogopa hilo, kwamba niliacha.

Uliniuliza mimi ni nani. Nilisoma. Nilikuwa naandika jibu, betri ikaisha. Jibu unalijua.

Hermelinda anasema umefukuzwa kazi, au umeondoka, au mmegombana na mkuu wako, hana hakika. Anasema unakuja kwa miguu kutoka barabara ilipofungwa. Sasa nisikie vizuri. Usipite mtoni. Tope juu limekauka linaonekana kama ardhi, chini bado ni laini, jana limemeza farasi. Na juu kuna maji yaliyobaki, nilipita karibu nikayaona, na jioni mlima unanguruma bado. Nyote huko msifikiri umemaliza.

Pita njia ya juu, kwa nyuma ya makaburi ya Loma Alta. Nitakuwa nimekaa kwenye geti la ng'ombe tangu asubuhi, hawatanizuia kwa ajili ya vidole hivi.

Ukinikuta nimenyamaza, wewe anza kusema.

Baba yako